Majina Saba

Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikitengeneza kamera za filamu hapa Tanga, si kwa kujipatia riziki, maana riziki haimo tena humo, bali kwa kuwa watu wananiletea nami sijui kukataa. Nimejifunza kwamba katika kazi hii bisibisi ni chombo cha mwisho. Cha kwanza ni sikio. Weka kasi ya sekunde moja, bonyeza, usikilize. Kamera nzima husaga vigia vyake kwa mlio wa sawasawa, kisha hufunga. Iliyo gonjwa huanza vizuri, husitasita katikati kama mzee anayepanda ngazi, na pengine husimama palepale. Usidhani springi imekatika. Mara nyingi ni mafuta tu, yale yaliyotiwa kiwandani miaka arobaini au hamsini iliyopita, yameganda yakawa kama gundi. Isogeze kamera karibu na taa yenye joto kwa robo saa, kisha ujaribu tena. Ikichangamka, umeshajua ugonjwa.

Kasi za juu sikio haliziwezi. Huko tulitumia televisheni za kioo kinene, zile zilizotangulia hizi bapa. Fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, ielekeze kwenye televisheni inayowaka, uchungulie kwa nyuma huku ukibonyeza: huoni kioo kizima, bali ukanda wa mwanga. Picha ya televisheni zetu ilichorwa kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kamera yenye kilango cha majani ya chuma, ikiwekwa 1/250, yapasa ikuonyeshe kiasi cha sehemu moja ya tano ya kioo. Ukiona nusu, basi inachelewa. Mimi bado ninayo televisheni ya namna hiyo, na mke wangu ameshachoka kuuliza itatoka lini sebuleni.

Magonjwa mengine hutajwa na filamu yenyewe. Zenit-E, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965 huko Krasnogorsk karibu na Moscow, ina mapazia mawili ya kitambaa yanayofuatana kwa ubavu. Picha ikitoka na upande mmoja wa giza, ujue mapazia hayaendi tena kwa mwendo mmoja. Vidoa vyeupe vinavyorudi mahali palepale katika kila picha ni matundu ya kitambaa. Katika kamera nyingi za Kijapani, mwanga unaopenya pembeni hutokana na sponji la mlango lililooza likawa kama lami. Na kipima mwanga kinachodanganya pengine hakina kosa: kilifanywa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo Marekani ilipiga marufuku kuuzwa mwaka 1996. Ukitia ya kisasa ya volti 1.5, sindano hupanda kuliko haki yake, nawe unatoka na picha za giza. Ukungu wa lenzi siuzungumzii. Mtu wa pwani anayefungia kamera kabatini ndani ya mkoba wa ngozi anaufuga mwenyewe.

Mwaka 2014 alinijia mama mmoja mjane wa mtaa wa pili. Baada ya shikamoo na marahaba akaniwekea mezani Yashica Mat 124G. Ilikuwa ya marehemu mumewe, mpiga picha wa mitaani, aliyefariki mwaka 2006. Iligoma siku chache kabla hajaugua, na filamu ilikuwa bado imo. Kidirisha cha hesabu kilisimama kwenye 8. Fundi mmoja alikuwa amemshauri mkono ule ulazimishwe kwa koleo, nashukuru hakumsikiliza. Ndani ya mkoba mlikuwa na daftari, na ndani ya daftari majina saba ya watu walioweka arubuni.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sitafuti picha. Nataka kujua kama aliwapiga. Kama aliwapiga, nitawapelekea picha zao. Kama hakuwapiga, nitawarudishia pesa zao. Siwezi kumwacha kaburini na deni."

Ungedhani hesabu ya 8 inatosha kumjibu. Haitoshi. Kidirisha huhesabu filamu inavyosogea, hakihesabu mwanga. Kilango kikinata, mlio husikika, mkono huzunguka, namba husonga, na filamu haikuona kitu. Kwa hiyo swali la yule mama lilikuwa swali la mafuta.

Sikubonyeza. Nilingoja usiku, nikaingia chumba cha giza, nikafungua mgongo na kuviringisha kwa mkono filamu iliyobaki pamoja na karatasi yake. Asubuhi ndipo nilipoishughulikia kamera. Nilipofanikiwa kuufyatua mtambo, majani yalifunguka polepole, yakagota, yakakataa kufunga. Niliyasafisha kwa petroli ya kiberiti na pamba, mara tatu, hadi yalipokauka bila kuacha alama.

Sasa nilijua la kutazamia katika filamu, na ndivyo ilivyokuwa. Picha tano za kwanza zilikuwamo, zimefifia kwa joto la miaka minane lakini nyuso zinatambulika. Ya sita ilikuwa imeungua kwa mwanga: majani yalikuwa yamechelewa kufunga. Ya saba haikuwa na kitu kabisa.

Mama aliketi na daftari, akawataja mmoja mmoja. Wawili waliobaki aliwahesabia pesa, na hapo alisumbuka zaidi kuliko kwenye filamu, kwa sababu arubuni ya 2006 haikununua mwaka 2014 ilichonunua zamani. Akaamua kutoa mara mbili. Mmoja wa wale wawili alikuwa ameshafariki, akawapa watoto wake.

Picha tatu zilipokelewa kwa furaha, moja kwa machozi. Wa tano, aliyekuwa kijana mwembamba mwenye kofia iliyodarizwa, sasa ni baba mwenye tumbo na duka. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema huyo si yeye. Mama hakubishana naye. Aliiweka juu ya mizani yake, akaaga, akaja kunieleza.