Mpira wa Maji Uani kwa Mjomba

Ni mwaka wa nne sasa uwa wa mjomba wetu, hapa Kunduchi Mtongani, una ndege. Ni ndege ndogo ya viti viwili, iliyokuja vipande vipande ndani ya makasha, naye akaanza kuiunga kwa mikono yake baada ya kustaafu ufundi wa ndege. Mbawa zake zimeegemezwa ukutani kwa kuwa uwa hautoshi kuzitandaza. Sisi wapwa zake tumemshikia taa, tumempigia ribiti, na tumevumilia maswali ya majirani.

Mzozo wetu ulizuka juu ya kitu kidogo kuliko kisahani cha kahawa: kipima mwendo. Chombo hicho huunganishwa na mrija ulio wazi kwa mbele, na hewa inayoingia humo husukuma mshale. Asili ya mrija huo ni Mfaransa Henri Pitot, ambaye mwaka 1732 alitumbukiza mrija katika mto Seine ili kupima kasi ya maji. Kinachopimwa si mwendo juu ya ardhi. Mvuvi wa Kunduchi analifahamu jambo hili: ngalawa ikishindana na mkondo, maji hupita ubavuni kwa kasi, na mnazi wa pwani uko pale pale. Bawa nalo hubebwa na hewa inayolipitia, basi. Hewa hiyo ikipungua mno, bawa huacha kubeba. Kwa ndege ya mjomba mpaka huo ni kama kilomita 75 kwa saa, hivyo anapokuja kutua amepanga kushika 100.

Kipima mwendo alikinunua kikiwa kimetumika, na muuzaji alimwapia kuwa ni kizima. Mdogo wetu, anayesomea matengenezo ya ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, alikuja likizo, akaamkia, kisha akauliza, "Mjomba, kimepimwa?"

"Kimepimwa kilikotoka, mpwa wangu."

Kijana hakubishana. Alitafuta mpira mwembamba unaopenya mwanga, ule ambao waashi huutumia kusawazisha msingi, akaukunja ubaoni, akatia maji yenye rangi ya chakula kutoka jikoni kwa mama. Upande mmoja akaunganisha kipima mwendo na bomba la sindano, akawa anasukuma hewa taratibu. Katika hewa ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita 100 hutenganisha maji ya pande mbili kwa milimita 48. Mwendo wa 200 hauyatenganishi kwa 96, bali kwa 193, kwa maana mwendo ukizidi mara mbili msukumo huzidi mara nne. (Hapo baadhi yetu tuliomba turudiwe somo.)

Mshale ulipogusa 100, maji yalisimama kwenye 41. Tukarudia mara tatu, tukigongagonga kioo kwa kucha. Ni 41. Maana yake ndege ingekuwa inakwenda karibu 92, na rubani akiambiwa 100.

Mjomba akasema si neno. Atabandika karatasi, na atakuwa akitoa nane kichwani.

"Samahani, mjomba," akasema mdogo wetu. "Siku injini ikizimika hutasoma karatasi."

Katika ukoo wetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu. Tulitazamana, wengine tukatazama chini. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, hakusema kitu, nasi tulijua kwa nini: aliyeahidiwa kiti cha pili ni huyo huyo mwanawe. Mjomba akaenda msikitini kwa Magharibi bila kutuaga. Aliporudi baada ya Isha akasimama mlangoni, akasema, "Kifungueni."

Baadaye alijitokeza kijana wa bara aliyekitaka. Fedha za mjomba zilikuwa zimelalia humo, na kishawishi kilikuwepo, tusifiche. Utotoni chuoni tuliposomeshwa Surat al-Mutaffifin, tulidhani inawahusu wauza samaki wa pwani na mizani zao. Mjomba akamweleza mnunuzi aibu ya chombo kabla ya kutaja bei. Kijana akashukuru, wala hakununua.

Kipima kipya tumekipima kwa mpira ule ule: kwenye 100, maji yalifika 48. Bado kuna jaribio la angani, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikiridhia, la kuruka pande mbalimbali za upepo na kulinganisha na vipimo vya satelaiti, kwani hata mrija wenyewe huweza kudanganya kwa namna ulivyokaa bawani.

Kosa letu lilikuwa kumhadithia mama habari za nyigu. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Birgenair iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini na watu wote 189 wakafa. Mrija mmoja ulikuwa umeziba, na waliodhaniwa ni nyigu wajengao kwa udongo, kwa kuwa ndege ilikaa siku kadhaa na mirija haikufunikwa. Nyigu kama hao wamejaa katika uwa wa mjomba.

Mama alikata kanga yake kuukuu, akashona kifuko chenye mkia mwekundu mrefu, akakivika mrija. Kila siku baada ya Alfajiri huvuka njia kwenda kuhakikisha kimo. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba bawa lenyewe bado limeegemea ukutani.