Bure Inayotokwa Jasho

Katika taasisi zetu neno "bure" hupokewa kwa shangwe kabla halijaulizwa maswali. Chuo ninachofundisha, kama vyuo vingi, huendesha masomo ya mtandaoni kwa Moodle, mfumo huria ulioasisiwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002. Hatulipii leseni hata senti moja. Yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza.

Lakini sehemu kubwa ya manufaa yake imo katika programu-jalizi: ya kuandika mahudhurio, ya kutoa vyeti, na nyingine nyingi zilizotungwa na walimu na wahandisi ambao Moodle haijawaajiri. Mfumo hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita. Kila mara lazima mtu akae, ajaribu, arekebishe. La sivyo kilichofanya kazi jana chaweza kugoma leo.

Wanafunzi wangu wawili walitunga programu-jalizi ya kupeleka matangazo ya darasa kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa wenzao wengi hawamudu bando la kila siku. Idara tatu ziliipokea. Walipohitimu, matunzo yalimwangukia mhadhiri msaidizi mmoja, anayeifanya kazi hiyo usiku, kwa bando lake mwenyewe. (Bajeti ya chuo ina kifungu cha kununua programu, cha kuzitunza sijakiona.)

Kijana huyo alipoomba kupandishwa cheo, aliiweka kazi hiyo katika faili lake. Kamati ikamuuliza: imechapishwa katika jarida gani?

Swali hilo lanikera kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Programu-jalizi haiingii katika orodha rasmi ya Moodle kabla ya kupitiwa na wakaguzi. Msimbo wake uko wazi, na mgeni yeyote mwenye ujuzi aweza kuyaanika makosa yake hadharani. Ni makala mangapi ya kwetu, yangu yakiwemo, yamewahi kupita katika tanuri hilo? Tunamthamini aliyeandika kuhusu teknolojia kuliko aliyeijenga, kisha tunashangaa kwa nini mifumo ya umma huletwa na wageni.

Nimepeleka Seneti pendekezo la kurasa mbili: saa nne kwa wiki za matunzo zihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mhadhiri, na msimbo uliokaguliwa upewe alama kama makala. Toleo lijalo la Moodle halitausubiri uamuzi wao.