Ngomeni: Tamthilia ya Kidenmaki Katika Sikio la Mzanzibari

Neno borgen kwa Kidenmaki maana yake ni ngome. Wadenmaki hulitumia kuliita jumba la Christiansborg mjini Copenhagen, ambamo Bunge, ofisi ya Waziri Mkuu na Mahakama ya Juu vimo chini ya paa moja. Ndilo pia jina la tamthilia ya televisheni niipendayo kuliko zote. Kwetu Unguja jina hilo halihitaji mkalimani: apitaye Forodhani akaitazama Ngome Kongwe anajua kwamba dola hupenda kukaa nyuma ya kuta nene.

Borgen ilianza kuoneshwa tarehe 26 Septemba 2010, ikaendelea kwa vipindi 30 hadi 2013, kisha ikarudi mwaka 2022 na vipindi vinane. Mhusika mkuu ni Birgitte Nyborg, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa bado na mwanamke katika kiti hicho. Helle Thorning-Schmidt alikikalia mwaka 2011. Anayesubiri bunduki atachoka kusubiri. Vita vyote hupiganwa mezani, kwa maneno. Kipindi cha pili kinaitwa "Hesabu hadi 90", kwa kuwa Bunge lao lina viti 179, na hakuna chama kinachofika 90 peke yake. Kila jioni Nyborg huhesabu. Na kila ajumlishapo kura ngomeni, nyumbani kwake hutoweka kitu, hadi ndoa yenyewe.

Kwa nini Mzanzibari aumwe na hesabu za Wadenmaki? Kwa sababu nasi mwaka huo huo tulikuwa tukihesabu. Tarehe 31 Julai 2010 tulipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kabla ya hapo tulishuhudia majirani wakisusiana harusi na mazishi, na mtu akikwepa duka kwa sababu ya rangi ya bendera. Tamthilia ile sikuitazama kama burudani ya ugenini. Niliitazama kama mtu anayesikia kesi yake ikisomwa kwa lugha ya wengine.

Hapo ndipo mapenzi yangu ya lugha yalipoingia. Serikali ya Nyborg kwa Kiswahili cha magazeti ingeitwa ya mseto. Mseto tunaujua jikoni: mchele na choroko, vimepikwa pamoja hadi hujui kipi kimemeza kipi. Sisi tulichagua neno jingine, maridhiano. Lina kiambishi cha kutendana ndani yake, na kiambishi hicho hakikubali mtu mmoja. Mtu aweza kuridhi peke yake, kuridhiana hawezi. Tena katika maridhiano kila upande hubaki na jina lake na kumbukumbu yake. Naona hilo ni gumu kuliko mseto, na ndilo Nyborg alilolitafuta katika kila kipindi.

Msimu wa 2022 ulinigusa zaidi. Mafuta yanagunduliwa Greenland, kisiwa chenye serikali yake ndani ya dola ya Denmaki, na swali likawa: nani mwenye kauli, kisiwa au Copenhagen? Aliyewahi kusikia mjadala wetu kuhusu mafuta, gesi na mambo ya Muungano hakuhitaji kusoma tafsiri iliyopita chini ya picha.

Na bado tamthilia yetu wenyewe ni nzito kuliko yao. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 huku CUF ikisusia, na umoja ukavunjika. Desemba 2020 Maalim Seif Sharif Hamad akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki dunia. Mtunzi angebuni mwisho wa namna hiyo, angeambiwa ametia chumvi.

Farouk Topan na Said Ahmed Mohamed, wote wana wa Zanzibar, wametuonesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba tamthilia za utawala jukwaani. Ya televisheni, ndefu, yenye meza, kahawa na watu wazima wanaobishana bila kutukanana, bado naingojea. Washairi na wapenzi wa lugha, nanyi mnasikia namna watu wanavyosema na wanavyonyamaza: ianzeni. Jina nimekwisha kuwapa bure.