Umepima Nini, Fundi?

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu usukani. Si usukani wa nchi, jamani... usukani wa gari!

Kuna magari yana usukani unaopata joto. Kweli kabisa. Unabonyeza kitufe, dakika chache baadaye mikono inajisikia kama imeshika kikombe cha chai. Kwa mtu wa Mbagala hicho ni kichekesho, maana Dar ukiegesha gari juani usukani unakuunguza bure. Hita hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwetu zinakuja ndani ya magari ya mitumba kutoka Japani, ambako watu wa Hokkaido wanaendesha kwenye theluji.

Lakini mjomba wangu anaishi Njombe, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai kule si za mchezo. Mjomba ana baridi yabisi kwenye vidole na kila siku ya shule anapeleka wajukuu. Kwake hita ya usukani si mbwembwe.

Juni 2025 hita ikaanza vituko. Gari likienda moja kwa moja, joto lipo. Akikata kona, joto linapotea. Baadaye likapotea moja kwa moja. Gereji ya kwanza, bila kufungua hata skrubu moja, wakamwambia: "Mzee, hapa ni usukani mzima, tunaagiza mwingine." Bei waliyotaja ni kubwa kuliko mshahara wangu wa mwezi! Gereji ya pili wakasema kompyuta imekufa. Na kwa kuwa taa nyekundu ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, ilikuwa imeanza kuwaka kwenye dashibodi, wakampa na ofa: tuichomoe hiyo taa, haitakusumbua tena.

Mimi nilikuwa Njombe kikazi, nafuatilia habari ya viazi. Nikaomba niende naye gereji ya tatu, kwa kijana mmoja fundi umeme.

Basi bwana, yule kijana hakushika spana. Alianza na maswali. "Shikamoo mzee. Joto lilikuwa linapotea ukikata kona upande gani? Honi inalia? Taa nyekundu ilianza lini?" Mjomba akajibu: zaidi upande wa kushoto, honi inalia inapojisikia, taa ilianza wiki mbili baada ya hita kusumbua. Kijana akatabasamu. "Mzee wangu, hivi vitu vitatu vinapita mlango mmoja."

Mlango wenyewe ni huu. Usukani unazunguka, lakini nyaya za gari haziwezi kuzunguka nao, zingekatika siku ya kwanza. Kwa hiyo nyuma ya usukani kuna kasha la plastiki la duara. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa nyaya ulioviringishwa kama mkanda wa kaseti. Ukigeuza usukani, utepe unajikunja na kujikunjua. Humo ndimo unamopita umeme wa honi, wa hita na wa eabegi. Baada ya miaka mingi ya kukunjwa, utepe unachoka na kupasuka.

Mwingine angeishia hapo na kutaja bei. Huyu akasema, "Hayo ni mawazo yangu tu. Sasa tupime."

Fyuzi kwanza: nzima. Kisha akapima kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kabla umeme haujaingia kwenye utepe. Mjomba akabonyeza kitufe, mita ikasoma volti 12 na ushee. Akaunga na balbu ya taa kubwa ya mbele pale pale, ikawaka vizuri. Maana yake kompyuta inatuma umeme kama kawaida. Gereji ya pili, kwaheri.

Akachomoa waya hasi wa betri, akasubiri muda unaotajwa kwenye kitabu cha gari, ndipo akafungua eabegi na kuilaza mezani, uso wake ukitazama juu. Nikamuuliza mbona hiyo haipimi kwa mita. Akanitazama kwa huruma. "Kaka, hata umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua." Nikasogea nyuma hatua mbili.

Waya wa joto ulio ndani ya ngozi ya usukani ulisoma omu 2.2. Gawanya volti 12 kwa 2.2, unapata ampia 5 na nusu hivi, yaani kama wati 65. Hiyo ni hita nzima. Kihisi joto nacho, alipokumbatia usukani kwa viganja, namba zake zikaanza kushuka, kama inavyotakiwa. Gereji ya kwanza nao kwaheri.

Kikabaki kile kasha. Akalitoa, akapitisha ndani yake umeme wa betri nyingine yenye fyuzi. Upande wa pili mita ikasoma volti 12.4. Nikasema moyoni, mbona kizima? Akaunga ile balbu. Ikatoa kawekundu kama kaa la jiko linalozimika, na mita ikaporomoka hadi volti 3. Akageuza kasha kushoto, ikazima kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuidanganya mita, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Mpe mzigo wa ampia 5 uone kama ataubeba! Nikamkumbuka mhariri wetu. Habari ikisimama kwa chanzo kimoja, anakurudisha barabarani.

Kasha jipya, la aina yenye nyaya nene za hita, liligharimu chini ya robo ya bei ya usukani. Alilifunga matairi yakiwa yamenyooka na utepe ukiwa katikati, maana ukikosea hapo, kona kali ya kwanza inaukata. Akafuta kumbukumbu ya hitilafu kwenye kompyuta. Joto likarudi, honi ikarudi.

Lakini wadau, la joto ni dogo. Taa nyekundu ilikuwa inasema kwamba gari likigonga, eabegi ya dereva huenda isifumuke. Wale jamaa wa pili walitaka kumnyamazisha shahidi na kumwachia mjomba barabara ya Makambako.

Kwa hiyo ukienda kununua mtumba, washa swichi na uangalie dashibodi. Taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache, kisha izime. Isipozima, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, uliza nani kaichomoa. Na fundi akikutajia kipuri cha kununua, muulize kwa upole tu: umepima nini?

Naomba kuwasilisha.