Ubani wa Muheza

Washikaji wangu huniuliza: wewe kijana wa mjini, kitu gani kinakutoa kitandani alfajiri ya Jumapili ukakae na wazee wa makoti? Siku zote nimejibu kwa utani. Leo nijibu kweli.

Nilianza kusali kwa hiari yangu nikiwa kidato cha pili, katika kanisa la kilokole jirani na kwetu, Dar es Salaam. Banda la mabati, viti vya plastiki, kinanda, na spika mbili ambazo ukikaa karibu nazo kifua kinatetemeka. Dada yangu ndiye aliyenipeleka, na nililipenda, sisemi uongo. Pale kila mtu anaomba kwa maneno yake mwenyewe, kwa sauti, wote kwa pamoja. Mimi niliyekuwa nikiandika mashairi nyuma ya madaftari ya hesabu nilionekana hodari. Maneno yalinitoka kama maji ya bomba.

Kisha Baba akaugua. Tukafunga, tukakesha. Mchungaji akatutangazia kwamba amekwisha kumwona Baba amepona. Siku kumi na moja baadaye tukamrudisha kwao Muheza ndani ya sanduku. Kabla gari halijaondoka, muumini mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama katika familia yetu hapakuwa na mtu mwenye imani haba. Sikumjibu. Tangu dakika ile bomba likakauka.

Muheza ni nchi ya Waanglikana wa zamani. Wamisionari wa UMCA walijenga kituo chao Magila katika karne ya 19, nao walipenda misa yenye ubani, kengele na kupiga magoti. Utotoni, tulipopelekwa kwa Bibi likizo, niliyaona yale yote maigizo ya Wazungu.

Siku ya mazishi Bibi alikuwa amekwisha funikwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Padre alipoanza, naye akaanza. Hakushika kitabu, kingemsaidia nini? Kila jibu alilijua. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Alikuwa akimzika mwanawe wa kwanza, na hakulazimika kutunga neno hata moja. Mimi mtunga mashairi nilisimama ubavuni pake, bubu. Baadaye kidogo nikagundua kwamba naifuata midomo yake, nusu neno nyuma.

Jioni nikamwuliza, "Bibi, yale uliyoyasema pale, uliyaamini yote?"

Akapapasa mkono wangu mpaka akaupata. "Mjukuu wangu, leo sikuwa na nguvu za kuamini. Nimesema tu. Wenzangu wameamini kwa ajili yangu."

Majirani Waislamu walikuwa wamekuja kukaa nasi matanga. Chetezo kilifuka kwenye kona ya chumba, na harufu ilikuwa ile ile ya kanisani. Niliona haya. Miaka yote nauita ubani mambo ya Kizungu, kumbe pwani hii ilikuwa ikifukiza ubani kabla misionari yeyote hajashuka melini.

Niliporudi Dar nikatafuta kanisa la Kianglikana. Nilidhani nitakuwa kijana peke yangu, lakini mabenchi ya nyuma yalikuwa na wenzangu: wanachuo wawili, kinyozi, binti anayeuza vitambaa Kariakoo. Binti huyo aliniambia sababu yake: "Hapa hakuna anayenilazimisha nifurahi." Nikamwelewa. Sala iliyoandikwa haikuulizi leo umeamkaje. Unaikuta imesimama pale, unaiegemea.

Msidhani nauza mapokeo kana kwamba hayana doa. Mwaka jana nilivuka kwenda Unguja kuliona kanisa la Mkunazini. Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Humo ndani zipo nguzo zilizosimamishwa juu chini. Inasimuliwa kwamba Askofu alikuwa safarini, na mafundi hawakuwa wamepata kuona nguzo za aina ile. Zimeachwa vivyo hivyo, na zinabeba mzigo wake. Steere alitafsiri maandiko na sala kwa Kiswahili alichofundishwa na watu wa Unguja, na katika kiwanda cha uchapaji cha misheni walifanya kazi vijana waliokombolewa utumwani. Nilikaa kwenye benchi nikawawaza vijana wale, wakizipanga herufi moja moja. Maneno aliyoyashika Bibi kwa moyo yalipitia mikononi mwao. Sisi tunaotaka kuandika tungewakumbuka. Na ubaya wa mahali pale haufutwi kwa kujenga altare juu yake. Hilo nalo nimelibeba mpaka nyumbani.

Lipo jambo jingine, na hili linaniuma zaidi. Baba alipolazwa, walokole wa kanisa la Dada walileta uji kila asubuhi. Walikaa kwenye sakafu ya hospitali usiku kucha. Hawa wa kanisa langu la sasa, tunapeana mkono wa amani kila Jumapili, lakini nusu yao hawalijui jina langu, wala mimi siyajui yao. Dada husema dini ya vitabu haina joto. Nimewahi kumbishia kwa ukali, lakini moyoni najua hakosei yote.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, simu ikalia. Alikuwa Dada. Mwanawe amelazwa, homa kali, degedege mara mbili.

"Mdogo wangu, niombee," akasema. "Mimi maneno yameniishia."

Dada, ambaye sijapata kumsikia akikosa maneno! Nikawasha taa, nikachukua Kitabu cha Sala, nikamsomea sala ya wagonjwa polepole. Upande wa pili palikuwa kimya, nikadhani simu imekatika. Nilipofika kwenye Baba Yetu, akaingia, nusu neno nyuma.

Asubuhi nilipanda daladala la kwanza na chupa ya uji mapajani. Nilipofika wodini walokole wenzake walikuwa wamekwisha tangulia, na chupa yao. Mtoto alikuwa amelala. Dada akamimina vikombe viwili, kimoja kutoka kila chupa, akanipa kile cha kwao.