Bendi Kwanza, Jina Baadaye

Miaka ya sabini ilikuwepo sura moja tu iliyotundikwa kila mahali, dukani, shuleni, mpaka kwa balozi wa nyumba kumi: ya Mwalimu Nyerere. Wengine wote tulikuwa ndugu. Watu maarufu tuliwasikia kuliko kuwaona, maana Tanzania Bara haikuwa na televisheni na redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Betri zilizochoka tuliziamkia asubuhi kuzianika juani ili jioni zitufikishe kwenye muziki, tumsikie mtangazaji akitaja bendi kwanza, kisha wimbo, halafu mtunzi.

Bendi zenyewe zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, na majeshi yalikuwa na zao. Mwanamuziki aliajiriwa, akapokea mshahara wa mwezi, na gita alilolipiga hadi vidole vikaota sugu lilikuwa mali ya waliomwajiri. Nyimbo zilirekodiwa kwenye studio za Barabara ya Pugu, maneno yakiwa yameshapitiwa, na mikanda ikabaki maktaba ya redio. Aliyekuwa na redio kaseti alijinakilia. Lakini mwimbaji yule yule tuliyemshangilia Jumamosi usiku pale Amana, Ilala, tukiwa tumevaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, jasho na harufu ya bia vimetanda ukumbini, Jumatatu ungeweza kumkuta mbele yako kwenye foleni ya sabuni, au amebanwa kama wewe ndani ya ikarusi la UDA, lile tuliloliita kumbakumba, ukamuuliza lini watapiga tena, naye akakujibu.

Leo nyota anapita vioo vimefungwa. Tunamfuata kwenye simu.

Anayenifikirisha zaidi hakuwa mwimbaji. Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, Filbert Bayi, askari wetu wa JWTZ, alichomoka mbele mwanzoni kabisa mwa mbio za mita 1,500, tofauti na walivyozoea wakimbiaji wa mbio hizo, na hakushikwa mpaka utepe. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake. Wapenzi wa riadha duniani wakasubiri wakutane tena Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia michezo kwa sababu New Zealand haikuzuiwa kushiriki. Walker akachukua dhahabu. Nilikubaliana na msimamo ule na hata sasa nakubaliana nao, ila tuliulipia kwa miguu ya mtu mmoja, na miguu ya mwanariadha haina miaka mingi. Mwaka 1980 Bayi alipata fedha Moscow, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tulishangilia sana. Nafasi ile ya Montreal haikulipwa.

Siku hizi jina ni la mwenyewe. Diamond Platnumz ana redio yake na televisheni yake, na anaajiri watu badala ya kuajiriwa. Hilo ni jambo kubwa, na najua lingewashangaza wazee wa dansi. Serikali ilipotaka wimbo wa kilimo, bendi zao ziliimba kwa sababu ndiyo kazi. Kijana wa leo akiitwa kwenye jukwaa la kampeni anaweza kuuliza malipo. Ninachokosa ni ule ujirani. Sura zimejaa kwenye mabango, mtandao wa simu huku, soda kule, na kila moja inaniuzia kitu.

Muhiddin Gurumo, sauti ya NUTA na baadaye ya Mlimani Park, alistaafu mwaka 2013 baada ya kuimba zaidi ya miaka 50. Hakuwa na gari. Diamond ndiye aliyempa, mbele ya watu, na mzee akaishi nalo miezi michache tu kabla ya kufariki Aprili 2014. Nilimshukuru kijana yule kwa moyo wangu wote, kisha nikashikwa na hasira: gari lile lilipaswa kununuliwa na nyimbo za Gurumo mwenyewe, zamani, wakati bado anaweza kuliendesha kwenda dansini.