Binti wa Delta na Siku Zake za Mwezi



Juma hili tumeona vyema tutafakari pamoja jambo lisilotajwa mara nyingi mbele ya wanaume, nalo ni hedhi ya mabinti zetu walioko shuleni. Tunajua wapo wazee watakaokunja uso. Tunawasihi wavumilie kidogo, kwa kuwa jambo hili linawahusu wajukuu wao.

Wanaotoka Dar es Salaam kwenda delta ya Rufiji huacha barabara kuu ya kusini pale Bungu, wakashika njia ya Nyamisati. Kutoka Nyamisati safari ni ya majini, katikati ya mikoko, na ratiba ya safari hiyo haiandikwi na mtu: maji yakipwa, chombo husubiri. Katika vijiji vya huko duka ni kibanda chenye sukari, sabuni na betri. Pedi zikiwapo, zimepanda bei kwa kila chombo zilichopakiwa, na muuzaji mara nyingi ni kijana wa kiume anayemfahamu kaka wa binti.

Wenyeji wa pwani hii hawakuwahi kuipuuza siku ya binti kuvunja ungo. Mwali aliwekwa ndani, akafundwa na somo wake, akaonyeshwa namna ya kujisitiri kwa sodo, yaani kitambaa. Tunaweza kuwa na maoni yetu juu ya baadhi ya mafundisho ya unyago, hasa yale yanayomharakisha mtoto kuolewa, lakini hatuna budi kukiri kwamba desturi ile ilikuwa na jambo moja ambalo shule haina: mtu mzima aliyepewa jukumu la kumhudumia binti siku hiyo. Shuleni binti hukaa dawati moja na wavulana, na choo pengine hakina mlango wala maji. Akichafuka, huifunga sweta kiunoni akarudi nyumbani.

Tupige hesabu. Pakiti ya pedi nane au kumi hugharimu Sh 2,000 hivi. Binti anayejisitiri ipasavyo kwa siku tano huhitaji pakiti mbili, yaani Sh 4,000 kwa mwezi na Sh 48,000 kwa mwaka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na Sh 25,000 kwa wa sekondari. Basi gharama ya hedhi peke yake inaizidi ruzuku yote ya mwanafunzi wa sekondari! Ada imeondolewa, lakini binti amebaki na ada yake ya kila mwezi ambayo kaka yake haijui.

Serikali haikulala. Katika bajeti ya Juni 2018, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alitangaza msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, kwa taulo za kike. Wengi tulifurahi. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, msamaha uleule ulifutwa, kwa maelezo kwamba bei haikushuka na walaji hawakunufaika. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, ila hitimisho lake lilitushangaza. Ikiwa msaada umeshindwa kupita kwa mfanyabiashara, dawa yake si kuuondoa msaada, bali kuutafutia njia nyingine. Njia hiyo ipo wazi: pedi zipelekwe shuleni, zitolewe bure, kama chaki na vitabu.

Majirani wetu wamejaribu. Kenya iliondoa kodi hiyo mwaka 2004, ikaona haitoshi, na Juni 2017 ikaandika katika sheria ya elimu kwamba kila msichana wa shule ya umma aliyebalehe apewe sodo bure. (Wamelihifadhi neno letu la kale, nasi tumelisahau.) Mgawo wao umekuwa ukisuasua, lakini mzazi wa Kenya ana mahali pa kudai. Uganda iliahidi katika kampeni, kisha Februari 2017 Bunge likaambiwa fedha hakuna. Uskoti ilianza mwaka 2018 kuziweka pedi katika shule na vyuo vyote, na mwaka 2020 ikatunga sheria ya kumpa bure kila anayezihitaji.

Lipo jambo zito zaidi ya vipindi vinavyopotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba, kati ya wasichana wa miaka 15, mmoja katika kila kumi alikuwa amefanya ngono ili apate fedha za pedi. Tusome sentensi hiyo mara mbili. Watoto wa delta wanaofaulu kwenda sekondari mara nyingi hupanga vyumba mbali na kwao, katika yale yanayoitwa mageto, bila mama wala shangazi. Mwenye pikipiki hufahamu kuwa binti hana Sh 2,000. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, nasi tunashukuru. Lakini tungependa zaidi asiingizwe mtegoni kwa ajili ya pakiti ya pamba.

Wapo wanaoshauri pedi za kitambaa, zinazofuliwa na kutumika tena. Ni shauri jema kwa penye maji. Katika vijiji vingi vya delta maji ya kisima yana chumvi, na binti mwenye haya huanika kitambaa chake chini ya kanga nyingine, kisikauke vizuri. Afadhali apewe nafasi ya kuchagua.

Mwinjili Marko, katika sura ya 5, anawaweka pamoja mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 na binti wa Yairo mwenye umri wa miaka 12. Yule wa kwanza alikuja kwa kujificha, na Bwana hakumwacha aondoke akiwa amejificha. Kwa yule mtoto, baada ya kumwinua, aliagiza apewe chakula.

Tumezungumza na viongozi wa jumuiya na akina mama wa WAWATA. Tunapendekeza kila shule iliyo jirani nasi iwe na sanduku la pedi, sabuni na nguo ya ndani ya akiba, likabidhiwe kwa mwalimu wa kike, na majina ya wanaochukua yasiandikwe popote. Wasichana wote watapewa, wa Kikristo na wa Kiislamu, na wengi watakuwa wa Kiislamu, kwa kuwa ndio majirani zetu. Tutawaomba pia masheikh wa mtaa washirikiane nasi. Mafundi wa parokia wataanza na milango ya vyoo. Mbao zipo, bawaba na komeo bado. Sadaka ya pili ya Dominika ijayo ni kwa ajili hiyo. Akina baba, msiwaachie wake zenu bahasha hii.